Walioridhika

Kibandani, 4 Februari

Kwa Dada Mhoji,

Salamu nitaziweka mwishoni, kama zitabaki.

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni yule fundi cherehani wa kibanda cha pili kutoka mashine ya kusaga, uliyekuja kunihoji mwaka jana mwezi wa tano. Ulikuwa na mkoba wa kijani na beji imeandikwa "Mhoji wa Saba". Ulikaa kwenye benchi la wateja ukaniuliza maswali saa nzima na dakika kumi, huku mimi nikishona kola za sare za shule. Uliuliza nina watoto wangapi, nikakwambia watatu. Uliuliza natumia njia gani ya uzazi wa mpango, nikakwambia nimewekewa kijiti, kiko hapa mkono wa kushoto kwa ndani, nikakushika kidole ukakigusa chini ya ngozi. Ukauliza kama kimenipa shida yoyote.

Hapo niliacha kushona. Nilikwambia natokwa damu. Si zile siku zangu za mwezi zinazokuja na kuondoka, bali kila siku, na wakati ule ilikuwa miezi minane. Nilikwambia nashona nimekalia kitambaa cheusi kilichokunjwa mara nne. Nilikwambia juu ya gauni la bibi harusi nililolichafua nikiwa nimelipakata natia shanga, ikabidi nikae siku tatu kulishona jingine tangu mwanzo, na mama wa bibi harusi hajanisalimia mpaka leo. Nilikwambia nimekwenda zahanati mara tatu kuomba kitolewe, na mara tatu nimerudishwa. Mara ya kwanza niliambiwa mwili utazoea. Mara ya pili niliambiwa kijiti ni cha miaka mitano, sasa nataka kitolewe hata mwaka haujaisha, mali ya umma nadhani inaokotwa? Mara ya tatu niliambiwa nije na mume wangu. Wewe ulisema pole, ukaandika. Nilikuona kwa macho yangu ukiandika.

Sasa Jumanne iliyopita nimesikia redioni kwamba utafiti wenu umekamilika, na asilimia tisini na moja ya wanawake waliowekewa vijiti katika wilaya yetu wameridhika navyo. Mteja aliyekuwa anajaribu sketi akanicheka, akasema kumbe mko wengi mnaofurahi na mnatuficha.

Nimepiga ile namba iliyo chini ya karatasi ya ridhaa mliyonisainisha, inayosema nikiwa na swali lolote niwasiliane nanyi. Nimepiga mara sita. Haipokelewi. Ndiyo maana nimeandika kwa anwani iliyo chini yake.

Swali langu ni hili: mimi mmeniweka wapi? Niko katika hao tisini na mmoja, au niko katika wale tisa? Maana damu bado inatoka, dada yangu, na sasa ni mwezi wa kumi na saba.

Salamu zimebaki kidogo. Chukua.

Fundi cherehani

*

Ofisi ya Utafiti, 17 Februari

Kwa Bi Fundi,

Barua yako tumeipokea na tunakushukuru kwa ushiriki wako.

Kuhusu swali lako, napenda kukufahamisha kwamba taarifa za kila mshiriki ni siri, na majibu yamejumlishwa pamoja na ya wanawake wengine 1,203. Katika ripoti, "aliyeridhika" maana yake ni mshiriki ambaye siku ya mahojiano alikuwa bado anatumia njia aliyochagua. Kutokwa na damu bila mpangilio ni jambo linalojulikana kwa watumiaji wa vijiti, na kwa wengi halina madhara makubwa. Tunakushauri ufike kituo cha afya kilicho karibu nawe kwa ushauri.

Wako,
Mhoji wa Saba

Nyongeza: Nakukumbuka. Ulinipa maji ya kunywa kabla sijaomba.

*

Kibandani, 1 Machi

Kwa Dada Mhoji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikamsomea mwenzangu Mama Mafungu, anayeuza mboga hapa mlangoni kwangu. Tunamwita hivyo kwa sababu anaweza kufunga mafungu arobaini ya mboga huku anakusimulia habari ya mtaa mzima bila kutazama mikono yake. Nilipofika pale pa "alikuwa bado anatumia" akaacha kufunga.

Kwa hiyo nimeridhika kwa sababu ninacho. Na ninacho kwa sababu wamekataa kukitoa. Mtu amefungiwa chumbani, anagonga mlango, nyinyi mnapita nje mnaandika: huyu bado yumo, ndani pamempendeza. Hivyo ndivyo mnavyosoma huko chuoni?

Unasema niende kituo kilicho karibu. Nimekwenda. Nilipokuwa na wewe ilikuwa mara tatu, sasa ni mara tano. Mara ya nne nilikwenda na baba watoto kama walivyotaka. Yeye ni mwashi, alipoteza siku ya kazi, akasimama pale dirishani na vumbi la saruji kichwani, akasema kwa sauti ambayo foleni yote ilisikia kwamba mke wake anaumwa na yeye hana kipingamizi. Wakamwambia aliyefundishwa kutoa yuko kwenye semina. Mara ya tano nilikwenda hospitali ya wilaya, wakanirudisha kulekule nilikowekewa. Kwenye hospitali binafsi kinatolewa siku hiyohiyo, lakini bei yake si ya mtu wa kola na vifungo.

Nisikilize vizuri, usije ukaniandika kule mnakowaandika wanaoeneza uvumi. Mimi sina ugomvi na uzazi wa mpango. Mama mkwe wangu alipokuja kusema kijiti kinatembea mwilini mpaka moyoni, mimi ndiye niliyemkalisha nikamweleza kwamba hakiendi huko, kwamba wanawake wengi wanakaa nacho salama. Nilikichagua mwenyewe. Ninachotaka ni kukiacha mwenyewe vilevile.

Na jambo jingine. Mama Mafungu naye alikuwa nacho, na yeye maumivu ya kichwa yalikuwa yanamlaza. Naye alirudishwa zahanati mara nne. Siku tatu baada ya mimi kumsomea barua yako alikwenda kwa mwenye duka la dawa la pale kona, yule anayeuza mpaka betri. Akamchana mkono kwa wembe nyuma ya kaunta, akatoa kipande, kipande kingine kikabaki. Yeye ni mashoto, kwa hiyo walikuwa wamemwekea mkono wa kulia. Sasa mkono wa kulia umevimba kama mto, ana homa, na jana tumempeleka hospitali tukiwa tumemshika kwapani. Sisemi ni barua yako iliyompeleka. Lakini aliniambia, wakati tunamsaidia kupanda gari, kwamba kama hata waliokuja kutuuliza wanasema tumeridhika, basi hakuna mlango uliobaki.

Mwandike na yeye. Siku mliyomhoji alikuwa bado anatumia.

Fundi cherehani

*

Nyumbani, 15 Machi

Bi Fundi,

Hii siiandiki kutoka ofisini, na haina muhuri.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za ofisi, kabla sijafika mezani. Siku iliyofuata nilimwomba karani wa stoo anifungulie chumba cha fomu za zamani. Nilikuta fomu yako. Swali la 41 linauliza: "Je, bado unatumia njia hii?" Nimeweka alama kwenye "Ndiyo". Swali la 42 linauliza sababu ya kuacha, na maelekezo yanasema kama jibu la 41 ni ndiyo, ruka. Nikaruka. Lakini pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, kuna mwandiko wangu: "Damu kila siku miezi 8. Ameomba kutolewa mara 3. Amekataliwa."

Kwa hiyo niliandika, hukuona vibaya. Ila niliandika mahali ambapo waingizaji takwimu wameagizwa wasipatazame.

Nilianza na fomu zangu mwenyewe. Karani wa stoo, mama mtu mzima asiyependa maneno, alinitazama siku mbili, siku ya tatu akavuta kiti akaanza kuhesabu na mimi. Tumepitia maboksi yote ya wahoji wote. Kumbe si mimi peke yangu niliyeandika pembeni. Kati ya wanawake 1,204, wako 263 walioomba kutolewa wakarudishwa. Wote 263 wamehesabiwa kuwa wameridhika. Ukiwatoa, ile tisini na moja inabaki sitini na tisa.

Nilipeleka hesabu hiyo kwa mkuu wa utafiti. Sisi wahoji tunamwita Bwana Desimali, kwa sababu hata ukimwuliza hali ya nyumbani atakujibu kwa nukta. Hakunifokea. Alinikaribisha kiti, akaniambia maandishi ya pembeni si takwimu, ni hisia za mhoji. Akasema vituo vinapimwa kwa idadi ya wanawake wanaoendelea, na wafadhili wanapima wilaya kwa vituo, na kwamba nikitangaza jambo hili wanawake wataogopa njia zote na mimba zisizotarajiwa zitarudi, na vifo vya uzazi vitarudi, na hayo yatakuwa juu yangu. Nilitoka pale nikiwa najiona muuaji. Nilifika mpaka kituo cha basi ndipo nikagundua kwamba hakusema hata mara moja kuwa hesabu yangu ni ya uongo.

Kuna jambo moja zaidi, na nikilificha nitakuwa sina tofauti naye. Mimi pia niliwahi kuwekewa kijiti. Nilitokwa damu miezi mitatu. Nilimwambia daktari mmoja wa palepale ofisini kwetu, akakitoa wakati wa mapumziko ya chai. Ilichukua dakika kumi na mbili. Hakuniuliza kwa nini, wala mume yuko wapi. Nilirudi mezani chai yangu bado ina moto. Siku nilipokaa kwenye benchi lako nilikuwa tayari na kovu, na nilivaa mikono mirefu.

Mama Mafungu anaendeleaje?

Mhoji

*

Kibandani, 24 Machi

Kwa Mhoji,

Kwa hiyo ulijua.

Nilidhani nazungumza na msichana wa mjini asiyejua, nikajitahidi kukueleza taratibu, nikakuonyesha mpaka kitambaa ninachokalia. Kumbe ulikuwa unajua inavyokuwa kuamka kabla ya mwenzio ili ukague shuka. Unajua kutembea na kanga ya ziada kwenye mkoba kwenda hata msibani. Ulijua, ukasema pole, ukashuka ngazi zangu ukaenda.

Dakika kumi na mbili. Mimi siku tano nimekaa kwenye foleni, ukiweka na za baba watoto ni sita.

Mama Mafungu wamempasua mara mbili kutoa usaha. Hiyo ndiyo hali yake.

Usiniandikie tena. Nina sare mia moja na ishirini za kumaliza.

Fundi

*

Nyumbani, 5 Aprili

Bi Fundi,

Umenikataza nisiandike na nimeandika. Sitakuomba unisamehe kwa barua, ni rahisi mno. Nataka tu ujue kwamba yote uliyosema ni kweli, na kwamba nilinyamaza si kwa sababu sheria za kazi zilinikataza. Niliona aibu. Ningesema mimi kilitolewa, ungeniuliza wapi, na ningelazimika kukutajia mlango ambao wewe usingefunguliwa.

Mhoji

*

Nyumbani, 22 Aprili

Bi Fundi,

Hujajibu na sikutarajia ujibu. Hii ni ya kazi.

Tarehe tisa Mei ripoti itawasilishwa rasmi mbele ya watu wa wizara, wafadhili na wakuu wa vituo. Mimi nimepangiwa kugawa vitabu mlangoni. Nimeamua kwamba wakati wa maswali nitasimama. Ninazo namba, lakini Bwana Desimali anazijua namba kuliko mimi, atazigeuza mbele ya macho yangu. Ninachohitaji ni maneno ya mwanamke mwenyewe. Nayakumbuka maneno yako, ila ni ya kwako. Mara ya kwanza niliyachukua nikayapeleka nilikotaka mimi. Safari hii naomba ruhusa kwanza. Ukisema hapana, nitasimama na namba peke yake.

Na kama ungeweza kuja mwenyewe, nauli na mahali pa kulala ni juu yangu.

Mhoji

*

Kibandani, 1 Mei

Kwa Mhoji,

Sijakusamehe, tuanze na hilo. Lakini Mama Mafungu ametoka hospitali, na nilipomsomea barua zako zote, pamoja na zile mbili ambazo nilikuwa nimezitupa kwenye kapu la vipande vya nguo nikazitoa tena, amesema mimi ni mpumbavu kumnyamazisha mtu pekee aliyekubali kwamba alifanya vibaya. Huyo ndiye Mama Mafungu, hata mgonjwa hanyamazi.

Mkono umepona kidonda. Vidole havikupona. Daktari amesema ule wembe ulikata mshipa wa fahamu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havijikunji wala havihisi moto. Jana alijaribu kufunga fungu moja la mboga, likamfunguka. Akajaribu tena. Nikajifanya natafuta mkasi chini ya meza.

Kuja siwezi. Safari ni saa sita kwenye basi na mimi saa moja siwezi kukaa bila kubadilisha. Hilo nalo wasomee, kwamba mwanamke aliyeridhika ameshindwa kupanda basi.

Lakini nimefanya kitu. Wanawake wanakuja kwangu kupimwa nguo, na mwanamke akiwa ameinua mikono anapimwa kifua husema mambo ambayo hasemi kwa mhoji. Nimewauliza mmoja mmoja. Nimeandika kwenye daftari la vipimo, jina sikuweka, nimeweka alama ya kitambaa alicholeta. Wako thelathini na saba wenye vijiti. Kumi na wawili waliomba kitolewe wakarudishwa. Mmoja aliambiwa anaringa. Mmoja, mwalimu, aliambiwa kwamba mtu msomi kama yeye alitakiwa awe mfano. Mmoja mume wake amemhamia mwanamke mwingine kwa sababu ya damu, na huyo akilia hatoi sauti. Wengine wanne wana usumbufu wanaouvumilia, hawajaomba.

Ishirini na mmoja wako salama na wanakipenda. Msusi wa hapa nyuma anasema wakikigusa cha kwake atapiga mtu. Usiwafiche hao. Wasome wote, wa huku na wa huku. Sisi tusifanye kama walivyofanya wao.

Karatasi nimezichana kwenye daftari, ziko ndani ya bahasha. Maneno yangu chukua, yatumie.

Fundi cherehani

*

Nyumbani, 11 Mei

Bi Fundi,

Nakusimulia kama ilivyokuwa, bila kuongeza.

Ukumbi ulijaa. Bwana Desimali alizungumza dakika arobaini na chati za rangi. Alipofika kwenye tisini na moja watu walipiga makofi. Ulipofika wakati wa maswali nikaweka chini vitabu, nikanyoosha mkono. Mwongozaji akaniruka mara tatu. Mara ya nne nilikwenda kusimama mbele ya kipaza sauti bila kuitwa.

Nilisema namba kwanza. Bwana Desimali akatabasamu, akaueleza ukumbi kwamba kijana wetu huyu ni mchapakazi lakini amechanganya takwimu na mazungumzo ya pembeni. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kunihurumia. Basi nikatoa karatasi za daftari lako. Nikasoma zote thelathini na saba, kwa alama za vitambaa: kitenge cha bluu, sare ya shule, pazia la maua, satini nyeupe. Nilipoanza walikuwa wanakohoa na kuvuta viti. Nilipofika pazia la maua, yule ambaye mume amemhama, walikuwa wametulia. Nikasoma na ya msusi, hapo wakacheka kweli, na nilishukuru. Mwisho nikasoma ya kwako, na la basi.

Mama mmoja wa wizarani aliyekaa mstari wa mbele, mzee wa miwani, niliambiwa baadaye alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita, hakumtazama mtu isipokuwa Bwana Desimali.

"Mwanamke anayeomba kutolewa akakataliwa," akasema, "katika ripoti yako ameandikwa wapi?"

Bwana Desimali akaanza kueleza tafsiri ya kitaalamu ya kuendelea. Alieleza kwa muda. Mama yule akamsubiri mpaka mwisho.

"Nimekuuliza ameandikwa wapi."

"Ameandikwa kuwa anaendelea."

"Na anayeendelea mmemwitaje?"

Bwana Desimali akatazama chati yake. Neno "Wameridhika" lilikuwa limeandikwa pale ukutani kwa herufi kubwa kuliko kichwa chake, kwa hiyo hakuna aliyehitaji jibu.

Mama akaomba maboksi yaletwe. Karani wa stoo, ambaye hakualikwa, alikuwa ameshayapanga kwenye korido tangu asubuhi. Sikumtuma. Walifungua matatu palepale, wakapitisha fomu mkono kwa mkono, na nikaona watu wazima wamevaa suti wanainamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha ili wasome penseli.

Mkuu wa kituo kimoja alitoka nje na hakurudi. Mwingine akasimama kwa hasira, akasema sisi wahoji tunawatupia wauguzi lawama wakati agizo la kupunguza kutoa vijiti limetoka juu, na barua anayo. Mama wa wizara akamwomba amletee hiyo barua kesho yake.

Wewe ulikuwa na haki ya kuwepo pale. Nilisoma kwa sauti yangu, lakini maneno yalikuwa yenu.

Mhoji

*

Ofisi ya Utafiti, 18 Mei

Kwa Mhoji wa Saba,

Yah: Kutoendelezwa kwa mkataba

Tunapenda kukufahamisha kwamba, kufuatia mapitio ya mahitaji ya mradi, mkataba wako hautaendelezwa baada ya tarehe 31 Mei. Unakumbushwa kwamba fomu, madaftari na nyaraka zote za mradi ni mali ya ofisi.

Tunakushukuru kwa mchango wako na tunakutakia kila la heri.

Mkuu wa Utafiti

*

Nyumbani, 6 Juni

Bi Fundi,

Kazi imekwisha, barua yao nimeiambatanisha ili uone jinsi mtu anavyofukuzwa kwa adabu. Karani wa stoo amehamishiwa mapokezi. Anasema huko angalau kuna dirisha.

Muhimu ni karatasi ya pili iliyo humu. Ni nakala ya waraka wa wizara kwenda vituo vyote, umetoka jana. Soma kifungu cha tatu: mwanamke akiomba kijiti kitolewe, kitolewe siku hiyo au siku ya karibu iliyopangwa, bila kudaiwa sababu wala idhini ya mtu mwingine. Kifungu cha tano: vituo havitapimwa tena kwa idadi ya wanaoendelea. Ripoti yenyewe hawajaifuta. Wamesema itafanyiwa marekebisho, na tisini na moja bado iko kwenye tovuti yao leo asubuhi.

Nenda na huo waraka. Wakikuambia haujawafikia, waambie umekufikia wewe.

Mhoji

*

Kibandani, 21 Juni

Mdogo wangu,

Umeona nimekuitaje. Usijisahau, ni kwa leo.

Jumatano tulikwenda sita. Mimi, mwalimu, wa pazia la maua, na wengine watatu. Muuguzi wa zamu alikuwa yuleyule aliyenirudisha mara zote tatu za mwanzo, tunamwita Sista Foleni kwa jinsi anavyolipigia kelele neno hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nimevaa viatu vya kufunga kamba.

Nikauweka waraka dirishani. Akausoma, akausoma tena, akainuka akafunga dirisha. Nikajua tumerudishwa. Kisha mlango wa pembeni ukafunguka, akasema tuingie, anayeanza nani.

Nikaanza mimi. Alinichoma ganzi, akachana kidogo, na nilipokuwa nimegeuza uso ukutani akaanza kusema bila kuulizwa. Alisema akitoa zaidi ya vitano kwa mwezi alikuwa anaitwa ofisini kuandika maelezo. Alisema alishawahi kuandika maelezo mara nne, na mara ya mwisho walimtishia kumpeleka kituo cha mbali akaacha watoto wake. Alisema sura yangu anaikumbuka na kuna siku alijificha chooni aliponiona langoni. Miezi ishirini nimemlaani huyu mwanamke kila asubuhi, na siwezi kusema zile laana zote nimezifuta kwa sababu amenieleza. Lakini alikuwa anafunga bandeji taratibu sana. Nikamwambia tu kwamba waraka huo aubandike ukutani, wasije wakamsahaulisha.

Nilipoinuka nikauliza ilichukua muda gani. Dakika tisa. Nilikaa kwenye benchi la nje nikacheka mpaka yule mwalimu akadhani ganzi imenipanda kichwani, kisha sijui ilikuwaje nikajikuta nalia, na wa pazia la maua akanishika mkono ule mzima.

Damu imekata siku ya tano. Wamenipima, nimepungukiwa, nakula dawa ya kuongeza damu inayonuka chuma. Na nimeanza vidonge vya uzazi wa mpango, nimechagua mwenyewe, Sista Foleni alinieleza kila kimoja kina nini. Baba watoto aliuliza kama sasa nina hakika. Nikamwambia sina, lakini nikibadili mawazo nitakiacha kidonge mezani na hakuna foleni.

Ungependa niishie hapa, na mimi ningependa. Lakini mwenye duka la dawa bado amefungua, bado anauza betri. Na kwa Mama Mafungu hakuna waraka. Amekwenda zahanati, wamempa pole. Amekwenda wilayani, wamemwambia aliyemkata si mtumishi wao, kwa hiyo haliwahusu. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyemsukuma mpaka kwa huyo mkataji. Mboga sasa anafungiwa na binti yake kabla ya shule, na yeye anauza akiwa amekaa, mkono umelala mapajani kama si wa kwake. Habari za mtaa bado anasimulia. Ila katikati ya maneno huwa ananyamaza, akautazama.

Jumatatu tunakuja huko mjini, mimi na yeye. Sasa basi naliweza. Tunataka utupeleke kwa yule mama wa miwani, kwa kuwa wewe unaijua ofisi yake na kazi ya kuogopa kufukuzwa huna tena. Nilimwuliza Mama Mafungu atamwambia nini, ili tuandike mapema. Amekataa kuandikiwa. Amesema tukiingia atampa mkono wa kulia amsalimie, basi, na atangoja aone yule mama atafanya nini akishaushika.

Tutashuka saa saba mchana. Utupokee.

Dada yako,
Fundi cherehani